Namna ya Kutunga Shairi la Vita kwa Mtu Aliyepita Vitani

Shairi langu la kwanza la vita nililisoma Kibosho mwaka 1981, mbele ya mama mmoja ambaye mwanawe tulikwenda naye vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin na hakurudi. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimerejea darasani baada ya kuvua gwanda, na nilijiona nimetunga kitu cha maana kwa kuwa mizani, yaani hesabu ya silabi, ilikuwa sawa na vina, yaani sauti za mwisho zinazofanana, vimekaa mahali pake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba, baba, karibu," akanisogezea kigoda, nikasoma. Nilipomaliza alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Baba, huyu uliyemtunga ni nani?" Nikamjibu kwamba ni mwanawe. Akasema, "Mimi niliambiwa gari lilipinduka." Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Na kile kikombe chake cha bati, alikuwa nacho?"

Ubeti uliomfanya aulize ni huu:

Kifua mbele kaenda,
bunduki akaipenda,
adui akawatenda,
hadi akajifilia.

Ukiuhesabu kwa vidole utakuta mizani nane katika kila mshororo, yaani kila mstari, kina cha *nda* mara tatu, na kina cha mwisho kilichofululiza hadi mwisho wa utenzi mzima. Mwalimu wa fasihi angenipa alama zote. Lakini rafiki yangu hakwenda kifua mbele popote. Alikufa ndani ya lori la unga lililopinduka usiku wa mvua kwenye barabara ya kutoka Bukoba kwenda Kyaka, kabla sisi sote hatujamwona adui hata mmoja kwa macho. Nilikuwa nimekiruhusu kina kinieleze alivyokufa, ilhali mimi nilikuwepo na kina hakikuwepo.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya wastaafu wenzangu wa hapa Moshi na kwingineko, na kwa ajili ya vijana wanaotaka kuwaandikia babu zao ambao mikono yao sasa inatetemeka. Nitaanzia pale nilipokosea.

Daftari kwanza, shairi baadaye

Nunua daftari la kawaida la mistari, lile la wanafunzi, na kwa muda wa wiki mbili usitunge chochote. Andika vitu. Kila ukurasa uwe wa kitu kimoja ulichokishika kwa mkono wako: buti, koleo la kuchimbia handaki, turubai, kasha la risasi, chupa ya maji, barua. Chini ya jina la kitu andika kilikuwa na uzito gani, kilitoa sauti gani, nani alikuwa nacho kabla yako, na kiliishia wapi. Maneno manne usiyaandike kabisa katika daftari hilo: *vita*, *damu*, *shujaa* na *uzalendo*. Si kwamba ni maneno mabaya. Ni kwamba yameshatumika sana majukwaani hata yamekuwa kama noti chakavu, ambayo dukani inapokelewa lakini hakuna anayeitazama picha yake.

Baada ya swali la yule mama nilirudi nyumbani nikaandika ukurasa wa kikombe, na naunakili hapa kama ulivyo:

"Cha bati, cheupe, ukingo wa buluu. Rangi imebanduka karibu na mpini. Mama yake alikinunua sokoni Kiboriloni. Alikifunga mkandani kwa kamba ya buti kwa sababu kimoja alishaibiwa kambini. Lori likiruka shimo, kinagonga kitako cha bunduki. Sajenti akamwambia akiondoe, akakiondoa. Sajenti alipokwenda mbele, akakifunga tena."

Ukurasa huo una sentensi zisizofika kumi, nami nakuambia kwa dhati kwamba una habari nyingi za vita kuliko beti mia na ishirini nilizokuwa nimeshatunga. Umo wizi wa kambini, umo ukaidi wa askari kijana, umo mkono wa mama. Hakuna hata risasi moja iliyolia.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba hawakumbuki kitu, miaka imepita mingi mno. Kichwa husahau kabla ya pua na ngozi kusahau, kwa hiyo kiamshe kwa njia hiyo. Mtu wa Moshi anayo bahati ambayo wengine hawana: apande daladala hadi Marangu, aombe kutembezwa katika mahandaki ambayo wazee wa Kichaga waliyachimba ili kujificha wao na mifugo yao wakati wa uvamizi. Mwenzangu mmoja aliyekaa handakini wiki nyingi aliingia mle akiinamisha kichwa, akavuta pumzi ya ule udongo mbichi, na siku hiyo hiyo akajaza kurasa nne. Hata hivyo, kama wewe ni mtu ambaye bado anaamka usiku akipiga kelele, usiende peke yako, na ikiwezekana usiende kabisa. Ukitaka kulia wakati wa kuandika, lia, lakini ukiona usingizi umekutoka siku tatu mfululizo, funga daftari na uende kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa ukazungumze na wataalamu, kwa sababu shairi linaweza kungoja.

Kijana anayemwandikia babu yake asimuulize, "Babu, vita vilikuwaje?" Swali hilo huzaa hotuba. Amuulize walikula nini asubuhi, buti zake zilikuwa na namba ngapi, na alilala upande gani wa hema. Arekodi kwa simu, simu iwekwe mezani na isahaulike, kisha anakili neno kwa neno bila kunyoosha sarufi ya mzee.

Uliyoyaona na uliyoyasikia

Kumbukumbu ya askari ina tabia ya kuchanganya mambo aliyoyaona na yale aliyoyasikia redioni, na kadiri miaka inavyopita mpaka kati ya hayo mawili hufutika. Kwa hiyo katikati ya daftari piga mstari kutoka juu hadi chini, upande mmoja andika *niliona*, upande wa pili andika *nilisikia*, halafu pitisha tarehe zinazojulikana na ujiulize kwa haki kila moja inakaa upande gani.

Kwa sisi wa Kagera tarehe hizo si ngumu kuzipata. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa mwanzoni mwa Novemba. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba, akayataja yale mambo matatu ambayo kila mtu wa rika langu anayajua kwa moyo, yaani uwezo, sababu na nia. Mutukula ikachukuliwa Januari 1979, Masaka ikafuata Februari, mapigano makali ya Lukaya, ambako walikuwepo pia askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi, yakawa Machi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Katikati ya hayo kuna jambo moja linalotuhusu sana watu wa Moshi. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana hapa hapa mjini kwetu, wakaunda umoja wa kuikomboa nchi yao na kumchagua Yusuf Lule awe kiongozi. Nimesoma mashairi matatu ya wastaafu wa Kilimanjaro yanayousimulia mkutano huo kana kwamba mtunzi alikuwa amesimama mlangoni. Mimi siku hizo nilikuwa Uganda, miguu yangu imeoza kwa unyevu, na habari za Moshi, mji wangu wa kuzaliwa, nilizipata kwa redio ya mtu mwingine. Shairi langu kuhusu mkutano huo, kama ningelitunga, lingepaswa kuwa shairi la redio hiyo: betri zake dhaifu, mkono uliokuwa umeishika, na namna jina la Moshi lilivyosikika pale matopeni. Mambo ya upande wa *nilisikia* hayakatazwi katika utunzi. Kinachotakiwa ni kwamba sikio lako liwemo ndani ya shairi.

Kuchagua bahari

Bahari, yaani aina za mashairi, zipo nyingi, lakini kwa mstaafu anayeanza napendekeza utenzi, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni ya urithi: Kiswahili kimesimulia vita kwa utenzi tangu karne ya 18, na hata Wajerumani walipoivamia Mrima, yaani pwani yetu, mwaka 1888, kumbukumbu ya vita hivyo ilitungwa kwa bahari hii hii na Hemedi bin Abdallah. Ya pili ni ya miguu. Mshororo wa utenzi una mizani nane, na mizani nane ni mwendo wa askari. Ule wimbo wa mchakamchaka unaomtaja Amin na mamba wa mto Kagera, ambao watoto wa shule za msingi waliuimba asubuhi kwa miaka mingi baada ya vita, nimeuhesabu zaidi ya mara moja, na kila mstari wake una mizani nane kamili. Aliyekimbia kwata anayo bahari ya utenzi katika nyayo zake hata kama hajawahi kusikia neno *bahari* likitumiwa hivyo.

Tahadhari moja: tenzi kubwa za zamani hutazama vita kutoka juu, zikiona majeshi, wafalme na majaaliwa. Askari haoni hivyo. Askari huona kisogo cha aliye mbele yake. Chukua umbo la utenzi, acha kimo chake, na usiogope kuishia beti kumi na tano.

Umbo lenyewe ni jepesi kueleza. Kila ubeti una mishororo minne mifupi. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina cha bahari ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Chagua kina cha bahari kilicho rahisi, kwa mfano *ia*, kwa sababu utakihitaji mara nyingi na vitenzi vya Kiswahili vinakitoa kwa ukarimu.

Katika kuhesabu mizani, wengi hukwama kwenye herufi *m*. Hesabu kwa kinywa wala si kwa macho. *Mtu* ni mizani mbili, *mzinga* ni tatu, *mbu* ni mbili, kwa kuwa *m* inasimama peke yake. Lakini *mvua* ni mbili tu, *mvu-a*, na *Kampala* ni tatu, kwa kuwa *m* imeshikana na konsonanti inayoifuata. *Tulipomtoa* ni sita. Ukiwa na shaka, simama, tembea chumbani, na piga hatua kwa kila silabi, mguu utakuambia.

Shairi la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane na kina cha kati, linafaa zaidi pale unapotaka kubishana au kuuliza swali moja kwa muda mrefu, maana kibwagizo chake, yaani mshororo unaorudiwa, kinakurudisha pale pale kila ubeti. Mwenzangu mmoja alitumia kibwagizo hiki: *Aliyekwenda si mimi, aliyerudi ni nani?* Ni kibwagizo kizuri, na kwa beti tano kilitikisa watu. Alipofika ubeti wa kumi na mbili kilikuwa kimeshakuwa kama mlango unaopigapiga kwa upepo. Mashairi huru, yale yasiyo na vina wala mizani, sina ugomvi nayo, ingawa wazee wa mapokeo watanilaumu kwa kusema hivyo. Nasema tu kwamba mtu anayeandika juu ya jambo lililomtisha hufaidika kuwa na kitu cha kuhesabu.

Kina kisikutungie habari

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kina ni mtumishi mwerevu ambaye akiachiwa dakika moja hugeuka kuwa bwana. Rudi kwenye ule ubeti wangu wa 1981 utazame alivyofanya. Nilianza na *kaenda*, neno ambalo lilikuwa kweli kwa kiasi, maana alikwenda. Likadai *nda* nyingine. Neno lililokuwa karibu lilikuwa *penda*, nikaandika kwamba aliipenda bunduki. Naye rafiki yangu, Mungu amrehemu, aliilaani ile bunduki kila asubuhi kwa uzito wake. *Nda* ya tatu ikaleta *akawatenda*, ambayo ukiiuliza aliwatenda nini haina jibu. Kisha nikafika mwisho nikiwa sina silabi za kutosha, nikalivuta neno kwa mazida, *akajifilia*, likawa na urefu unaotakiwa na halina machozi. Mishororo minne, uongo mmoja mkubwa na vijiongo vitatu, na hakuna hata kimoja nilichokikusudia.

Namna ya kujikinga ni kuanza na sentensi ya kawaida kutoka kwenye daftari, kuipima, na kutafuta ndani yake neno ambalo hukubali kuliacha. Neno hilo ndilo liwekwe mwishoni mwa mshororo, ili kina kizaliwe kutoka katika kweli badala ya kweli kutafutwa na kina. Katika ukurasa wa kikombe neno langu lilikuwa *kikagonga*. Basi nikakubali kina cha *nga* na kujiuliza ni vitu gani vya kweli vya usiku ule vinaishia hivyo. Lori lilikuwa la *unga*. Kikombe alikuwa *amekifunga*. Sikuhitaji kwenda mbali:

Lori lilijaa unga,
kikombe alikifunga,
kiunoni kikagonga,
njia nzima kikilia.

Ubeti wa pili ulinichukua zaidi ya mwezi. Nilikuwa na mvua, nilikuwa na lori linaloinama upande mmoja, na nilikuwa na neno la mwisho la dereva, ambaye naye hakupona. Alisema "hapa", na hadi leo sijui alitaka kusema hapa pana shimo, au hapa tusimame, au hapa pananitisha. Nilijaribu kumalizia sentensi yake kwa mishororo saba tofauti, yote ikawa na vina safi, yote nikaichana, kwa sababu dereva hakuimaliza na mimi sina haki ya kummalizia. Mwishowe kile kilichonishinda kukijua nikakifanya kiwe ndio mshororo:

Mvua ilipotuchapa,
lori lote likanepa,
dereva kasema "hapa",
neno halikutimia.

Angalia *kasema*. Ni *akasema* iliyokatwa silabi moja, na huo ndio ufupisho tunaouita inkisari. Inaruhusiwa tangu enzi, lakini itumie kama chumvi. Ubeti wenye inkisari tatu husikika kama mtu anayesoma huku anang'olewa jino. Mazida, yaani kurefusha neno ili kujaza pengo, nayachukia zaidi, kwani kwa kawaida pengo la silabi huonyesha kwamba kuna kitu bado hujakisema. Rudi kwenye daftari ukakitafute.

Ubeti wa tatu ulikuja wenyewe, kama ilivyo kawaida wa pili ukishapona:

Tulipomtoa chini,
ana unga mashavuni,
kikombe ki kiunoni,
hakikuwa kikilia.

Nilishauriwa na mwalimu mwenzangu, kwa nia njema, kwamba mshororo wa mwisho ni baridi, niweke *majonzi yakatujia* au kitu cha namna hiyo. Nilikataa na bado nakataa. Msikilizaji ameshasikia kikombe kikilia njia nzima katika ubeti wa kwanza. Akiambiwa kwamba sasa hakilii, majonzi atayaleta mwenyewe kutoka kwake, na yatakuwa makubwa kuliko yangu.

Maneno ya jeshi na maneno ya redio

Lugha ya kambini itumie bila woga pale ilipokuwa ikitumika: kombania, lindo, doria, kuruta, afande. Usiifasiri. Asiyejua *lindo* ni nini ataelewa kutokana na baridi iliyomo katika ubeti. Matusi ya kambini nayo yana ushairi wake, ila mimi ni mwalimu na wajukuu wangu wanasoma, kwa hiyo hapo kila mtu aangalie hadhira yake.

Jihadhari na maneno yaliyotengenezwa na redio ya wakati ule. Tulifundishwa kumwita Amin *nduli*, na sisi sote tuliliimba neno hilo kwa moyo mmoja, wala sisemi alistahili jina bora. Lakini neno hilo likiingia katika shairi linaingia na sauti ya mtangazaji, na sauti yako inakaa chini. Mizinga ya roketi ambayo wenyewe wa Uganda waliiita Saba Saba hiyo ni habari nyingine: jina lile lilizaliwa midomoni mwa watu waliokuwa wanaisikia ikija, na hofu yao bado imo ndani yake.

Kuhusu adui, mwandike kama ulivyomkuta. Kama ulimwona akiwa hai kwa dakika moja tu, mpe dakika hiyo moja. Mimi nilimkuta mmoja amekaa chini ya mgomba, amefariki, na mgomba ulikuwa wa aina ile ile tunayoipikia mtori kwetu. Sikuongeza kitu juu ya hilo katika shairi. Ikumbukwe pia kwamba Waganda wenyewe walikuwepo upande wetu wakipigania nchi yao, kwa hiyo anayeandika *Waganda* kwa maana ya *maadui* anakosea historia kabla hajakosea ushairi.

Majina, siri na ruhusa

Jina la aliyekufa ni la ukoo wake. Kabla hujaliweka katika shairi litakalosomwa hadharani, nenda kwa familia ukaombe, na ukikataliwa ubaki na "rafiki yangu", kama nilivyofanya humu. Namna alivyokufa nayo iulizie: zipo familia zilizoambiwa jambo moja na zimeishi nalo zaidi ya miaka arobaini, na si kazi ya ubeti wako kulivunja mezani pao bila kubisha hodi. Mambo ya vikosi, silaha na mipango ambayo uliapa kuyatunza, yaache. Kiapo hakistaafu pamoja na mtu, na kwa bahati nzuri ushairi hauyahitaji. Ukishamaliza, nakili shairi kwa mwandiko unaosomeka, weka tarehe na jina lako, na mpe nakala mtoto au mjukuu. Anayetaka kuchapisha kitabu na auulizie utaratibu mapema COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi.

Kulisoma

Usianze kulisoma jukwaani. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, watu wanapokusanyika, mashairi husomwa kwa sauti ya juu na vipaza sauti, na sauti ya juu inaficha makosa. Msikilizaji wako wa kwanza awe mtu mmoja anayelijua jambo lenyewe, na mahali pawe pa kimya. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, ukipumua mwishoni mwa kila mshororo wa nne. Usieleze kitu kabla ya kusoma. Akikohoa, mngoje. Ukiona amekutazama usoni badala ya kutazama chini, weka alama ya penseli kwenye mshororo huo, kwa sababu huenda ndipo uliposema jambo ambalo halikuwa.

Mimi nilirudi Kibosho mwaka 1983, siku chache kabla ya Krismasi, wakati migomba imejaa watu waliorudi nyumbani kutoka mijini. Nilikata isale, jani la mmea tunaoupanda mipakani, kwenye mpaka wa kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, nikalifunga fundo, nikaenda nalo mkononi, maana kwa desturi zetu mtu akikujia na isale ameshakiri kosa kabla hajafungua mdomo, na wewe huna budi kumsikiliza. Yule mama alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango, akakaa. Safari hii sikuwa na beti mia na ishirini. Nilikuwa na tisa.

Nilisoma ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hakusema kitu. Kuku alipita kati yetu. Nilipotaka kuendelea na wa nne alininyoshea kiganja nisimame, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza gari likiwa mbali barabarani, kisha akasema, "Baba, rudia hapo kinapogonga."